Beppu hatua kwa hatua: jehanamu saba, chakula cha mvuke na kuzikwa mchangani

Kwenye mtaa wa Kannawa mvuke hutoka kila mahali: kwenye mifereji, kwenye nyufa za njia, nyuma ya maduka, juu ya mapaa. Asubuhi ya baridi mtaa mzima hufanana na uwanja wa shughuli siku ya harusi, masufuria yote yakitokota kwa pamoja. Huu ni mtaa mmoja tu wa mji wa Beppu, mkoa wa Oita, kisiwa cha Kyushu, kusini magharibi mwa Japani. Mji una chemchemi za maji moto zaidi ya 2,000, na hakuna mji mwingine Japani unaotoa maji moto mengi kuliko huu.

Ninauandikia mwongozo Beppu, wala si Tokyo, kwa sababu mbili ambazo msafiri wa kwetu atazielewa upesi. Ya kwanza ni stara. Kuoga kwenye chemchemi za Kijapani ni kuoga uchi mbele ya watu usiowajua, na wengi wetu hilo hutushinda. Ya pili ni chakula: nguruwe na pombe ya kupikia vimeingia kwenye vyakula vingi vya Japani pasipo kuonekana. Beppu mtu anaweza kufukiwa kwenye mchanga wa moto akiwa amevaa nguo, na anaweza kujipikia samaki na mboga kwa mvuke wa ardhini, akijua kila kilichoingia chunguni. Kwa hiyo mji huu ni mlango mzuri wa kuingilia Japani, na ninashangaa kwamba watu wetu wengi huukosa.

Hatua ya 1: Chagua wakati, kisha shughulikia viza

Watanzania na Wakenya wanahitaji viza, na huombwa kwenye ubalozi wa Japani Dar es Salaam au Nairobi. Ubalozi utataka kuona ratiba ya safari siku kwa siku, mahali utakapolala, na ushahidi kwamba unaweza kujigharamia. Andika ratiba ya kweli. Ukiandika Tokyo, Kyoto, Osaka, Hiroshima na Beppu ndani ya siku saba, hata wewe mwenyewe hutaiamini.

Majira ninayoyapenda ni kuanzia Novemba hadi mwanzo wa Aprili. Baridi ndiyo inayoufanya mvuke uonekane, na mwili uliopoa ndio unaoyafurahia maji moto. Mwanzoni mwa Aprili mji hufanya sikukuu ya chemchemi zake, na nyasi za mlima Ogiyama huchomwa moto usiku, ukaonekana mji mzima. Epuka siku za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, pamoja na katikati ya Agosti: Wajapani wenyewe wako likizo, treni zimejaa na bei za vyumba zimepanda.

Hatua ya 2: Fika kwa meli

Njia za haraka zipo. Kuna ndege za Tokyo hadi uwanja wa Oita, kisha basi la chini ya saa moja. Kuna pia treni ya kasi hadi Kokura, kaskazini mwa Kyushu, na hapo unabadili na kupanda treni ya Sonic inayoshuka pwani hadi Beppu kwa zaidi kidogo ya saa moja.

Lakini ukinisikiliza, shuka Osaka. Mashirika ya Ghuba yanayoruka kutoka Dar es Salaam na Nairobi kupitia Dubai au Doha hufika pia uwanja wa Kansai. Lala Osaka usiku mmoja upumzike, maana Japani imetangulia saa za Afrika Mashariki kwa saa 6 na mwili unahitaji kuzoea. Kesho yake jioni panda meli ya Ferry Sunflower kwenye bandari ya Nanko. Safari ni ya takriban saa 12, kupitia Bahari ya Ndani ya Seto, na unashuka Beppu asubuhi. Meli zinazofanya njia hii hutumia gesi asilia iliyopozwa hadi kuwa kimiminika. Sunflower Kurenai, iliyoanza kazi Januari 2023, ndiyo feri ya kwanza ya aina hiyo Japani. Ndani kuna bafu kubwa la maji moto, sehemu ya kula, na vyumba vya kila mfuko, kuanzia kulala ukumbini hadi chumba chenye kitanda na choo chake.

Utakuwa umeokoa gharama ya hoteli ya usiku huo. Na mtu aliyekulia pwani ataona raha kuingia mji kwa njia ya bahari: kwanza unauona mlima Tsurumi, kisha nguzo nyeupe za mvuke chini yake.

Usipange kupanda meli siku ileile ndege inapotua. Ndege ikichelewa, meli haikungojei.

Hatua ya 3: Lala Kannawa

Wageni wengi hulala karibu na kituo cha treni kwa sababu ya urahisi. Kulala karibu na kituo si kosa, ila Kannawa ndiko roho ya mji iliko. Zipo nyumba za wageni za mtindo wa zamani, walikokuwa wakija wakulima na wavuvi baada ya mavuno kukaa wiki nzima wakijiuguza kwa maji. Mgeni hujipikia mwenyewe kwenye jiko la mvuke lililoko uani, na baadhi ya nyumba hizo bado zinapokea wageni kwa utaratibu huohuo. Kwa mtu anayechunga chakula chake, hakuna malazi bora zaidi Japani.

Ukiamua kulala kwenye ryokan, yaani nyumba ya wageni yenye chakula cha jioni na kifungua kinywa, jua mambo mawili. Bei hutajwa kwa kichwa, si kwa chumba; mume na mke watalipa mara mbili ya ile bei waliyoiona. Na masharti yako ya chakula yaseme wakati wa kuweka nafasi, siku kadhaa kabla. Jikoni hupanga mlo mzima mapema, na ukisema mezani utawaaibisha wenyeji na wewe utalala njaa.

Hatua ya 4: Sarafu, basi na maandishi matatu

Tembea na sarafu za yeni 100. Mabafu madogo ya mitaa hayapokei kadi, na makabati ya kuhifadhia nguo hutaka sarafu. Mashine za fedha ndani ya maduka ya 7-Eleven hukubali kadi nyingi za nje. Bakshishi haitolewi Japani. Ukiacha pesa mezani mhudumu atakukimbilia barabarani kukurudishia.

Kwenye mabasi ya Kamenoi unapanda kwa mlango wa nyuma, unachukua kikaratasi chenye namba, unaitazama namba hiyo kwenye ubao wa mbele ili kujua nauli, na unalipa kwa dereva unaposhuka. Ukipanga kuzunguka siku nzima, nunua tikiti ya siku moja kituoni.

Kariri maandishi matatu kabla ya kuondoka nyumbani: 男 ni wanaume, 女 ni wanawake, 豚 ni nguruwe. Mawili ya kwanza yatakuepusha na aibu kubwa mlangoni mwa bafu, la tatu litakusaidia dukani.

Hatua ya 5: Tembea jehanamu saba kwa mpangilio huu

Wajapani waliziita chemchemi hizi jigoku, jehanamu, kwa sababu zamani ardhi hii ya mvuke na matope yanayochemka ilikuwa haikaliki wala hailimiki. Huogi humo, maji yangekuunguza. Unatazama tu.

Aliyegeuza ardhi hiyo iliyoogopwa kuwa riziki ya mji ni Aburaya Kumahachi, mwenye hoteli aliyefariki mwaka 1935. Mwaka 1928 alianzisha mabasi ya kuwazungusha wageni kwenye jehanamu, yakiwa na wasichana waongozaji, wa kwanza wa aina hiyo Japani. Sanamu yake iko mbele ya kituo cha Beppu, mikono juu, amejaa furaha. Karibu yake kuna bakuli la maji moto la kuogeshea mikono. Weka mikono yako humo ukingoja basi.

Panda basi hadi Umi Jigoku, iliyo juu kabisa, kisha shuka mteremko kwa miguu. Nunua tikiti ya pamoja ya jehanamu zote, inayozidi yeni 2,000. Milango hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Nenda ule wakati wa kufungua, kwa kuwa mabasi ya watalii huanza kumiminika baadaye.

Umi maana yake bahari. Ni ziwa la buluu iliyokolea, rangi ya mkondo wa Nungwi saa sita mchana, ila linatoa mvuke na joto lake ni nyuzi 98. Inaelezwa kwamba lilitokea baada ya mlima Tsurumi kulipuka mwaka 867. Mayai hutiwa kwenye kikapu na kuning'inizwa majini hadi yaive. Wanaokwenda Bogoria, Kenya, wanaujua mchezo huu. Hapa kaa muda mrefu.

Jirani yake ni Oniishibozu, matope ya kijivu yanayofura na kupasuka polepole kama vichwa vya watawa vilivyonyolewa. Kisha Kamado, yaani jiko. Hapa mhudumu hupuliza moshi kidogo juu ya kidimbwi na mvuke hufumka maradufu papo hapo. Si uchawi: chembe za moshi huupa mvuke mahali pa kushika na kugeuka matone yanayoonekana. Kamado ina pia beseni la kuogeshea miguu. Pumzika hapo.

Oniyama wanafuga mamba, na wamekuwa wakifanya hivyo tangu mwaka 1923 kwa kutumia joto la chemchemi. Kwa aliyewaona mamba wa Rufiji au Mara wakiwa huru mtoni, mabwawa yale ya saruji yanatia huzuni zaidi ya kufurahisha. Mimi hupita haraka. Shiraike, bwawa jeupe, lina bustani tulivu na halichukui zaidi ya robo saa.

Mbili zilizobaki ziko Shibaseki, karibu kilomita 3 kutoka hapo, kwa hiyo panda basi. Chinoike ni dimbwi la damu: maji mekundu kwa udongo wenye madini ya chuma, ambayo yametajwa kwenye maandishi ya karne ya 8. Duka lake huuza dawa ya ngozi ya kupaka inayotengenezwa kwa udongo huohuo. Tatsumaki, ya mwisho, ni chemchemi inayoruka juu yenyewe kila baada ya dakika 30 hadi 40. Fika, keti kwenye benchi, ungoje. Waliweka paa la mawe juu yake kuyazuia maji yasiruke mbali, na hata hivyo mngurumo wake unausikia kifuani.

Hatua ya 6: Jipikie kwa mvuke

Hili ndilo jambo ambalo ningerudia Beppu kwa ajili yake peke yake. Jigokumushi maana yake ni kilichopikwa kwa mvuke wa jehanamu. Kannawa kuna jiko la umma liitwalo Jigokumushi Kobo, na utaratibu wake ni huu.

Nunua kwanza vyakula vyako. Pale pale huuzwa masinia yaliyopangwa tayari, lakini unaruhusiwa kuja na vyako. Pitia duka la vyakula uchukue mayai, viazi vitamu, boga, mahindi, kabichi, uyoga wa shiitake, kamba, na kipande cha samaki mweupe. Uyoga usiuache: Oita inaongoza Japani kwa shiitake wa kukaushwa.

Ukifika, lipa kwenye mashine ya tikiti. Chungu hukodishwa kwa mia chache za yeni, kwa dakika zilizopangwa. Siku za mapumziko chukua namba mapema, kwani foleni huwa ndefu na jikoni huwahi kufunga. Utapewa glavu nene. Vaa, panga vyakula kwenye vikapu, na mhudumu atakuonyesha chungu chako, ambacho ni shimo la mawe lenye kifuniko cha mbao. Simama upande ambao upepo unatoka kabla ya kufunua. Mvuke huo ni wa nyuzi karibu 100 na hautoi onyo.

Anza na vigumu. Viazi vitamu huchukua karibu nusu saa, mboga kama dakika 15, mayai na kamba chini ya hapo. Usitie chumvi kabla ya kuonja, kwa sababu mvuke wa Kannawa una chumvi yake ndani na huacha ladha ya mbali, kama chakula kilichopikwa karibu na bahari. Kiazi kitamu hutoka kikiwa laini kama uji mzito, kamba hubaki na utamu wake wote. Kamulia kabosu, ndimu ya kijani ya mkoa huu, na hutatamani mchuzi.

Kwa Waislamu neno moja la tahadhari: vyungu na vikapu hivyo hutumiwa na wengine kupikia nguruwe. Anayelijali hilo aje na sinia jipya la karatasi ya alumini lenye kingo, au alale kwenye nyumba ya wageni yenye jiko lake. Beppu ina chuo kikuu cha kimataifa cha Ritsumeikan Asia Pacific, kilichofunguliwa mwaka 2000, chenye wanafunzi kutoka nchi nyingi za Kiislamu, na mji una msikiti. Ukiingia Ijumaa utapata watu wa kukuelekeza pa kununua nyama ya halali.

Hatua ya 7: Zikwa mchangani ukiwa umevaa

Takegawara ni bafu la mwaka 1879. Jengo la sasa ni la mwaka 1938, la mbao, lenye paa kubwa kama la hekalu, mwendo wa dakika 10 kutoka kituoni. Uliza hoteli yako kama sehemu ya mchanga iko wazi siku hiyo kabla ya kwenda.

Unalipa na kupewa yukata, vazi la pamba mfano wa kanzu iliyo wazi mbele na kufungwa kwa mshipi. Unavua nguo zako chumba cha kubadilishia, unavaa yukata, unalala chali ndani ya shimo la mchanga mweusi. Wahudumu hukufukia kwa sepetu hadi shingoni. Mchanga ni mzito kuliko unavyodhani na moto wake hupanda taratibu kutoka mgongoni. Baada ya dakika chache utasikia mapigo ya moyo hadi vidoleni. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Joto likizidi sema "atsui" na watakufukua. Mwenye mimba, presha ya juu au ugonjwa wa moyo asijaribu.

Kannawa kuna bafu jingine la kuingia na nguo, bafu la mvuke liitwalo Mushiyu, ambalo kwa mapokeo lilianzishwa na mtawa Ippen mwaka 1276. Unaingia kwa kutambaa kupitia kimlango kifupi, unalala gizani juu ya majani ya sekisho yenye harufu kali tamu, dakika 8 hadi 10. Njoo na fulana na bukta ya pamba, au kodi yukata. Mimi naliona bora kuliko la mchanga, ingawa halina picha nzuri.

Hatua ya 8: Ukitaka maji yenyewe

Tafuta bafu la familia, kazokuburo, unalokodi kwa saa moja wewe na mwenzako au watoto, mkafunga mlango. Hapo stara haina mjadala.

Atakayeingia bafu la umma ajue adabu yake. Vua kila kitu. Keti kwenye kigoda, jisafishe kwa sabuni na ujisuuze vizuri kabla ya kugusa bwawa. Bwawani ni pa kukaa tu. Jimwagie maji ya bwawa kwa kata mara kadhaa kuuzoesha mwili, maana maji ya Beppu mara nyingi huzidi nyuzi 42. Taulo lisiingie majini, weka kichwani au pembeni. Rasta na nywele ndefu fungia juu. Usipunguze moto wa maji kwa kufungulia bomba la baridi kabla ya kuwaomba ruhusa wazee waliomo.

Kina dada, angalieni: michoro ya piko mikononi na miguuni inaweza kuchukuliwa kuwa chale za kudumu, yaani tatuu, na baadhi ya mabafu hukataa watu wenye chale. Kama umetoka harusini, tumia bafu la familia.

Hatua ya 9: Kula nje

Kyushu ndiyo nyumbani kwa tambi za ramen za tonkotsu, na tonkotsu ni mifupa ya nguruwe. Usidanganywe na nyama ya kuku iliyowekwa juu. Mchuzi ndio wenye neno. Uliza "Butaniku wa haitte imasu ka?", yaani je, kuna nguruwe. Mirin na sake, pombe za kupikia, zimo kwenye michuzi mingi ya samaki na nyama. Mjihadhari pia na neno moja: "sake" ni pombe, na ni samaki wa salmoni vilevile, ingawa wengi humwita "shake". Dukani soma maandishi, 酒 ni pombe, 鮭 ni samaki.

Chakula cha mji ni toriten, vipande vya kuku vilivyochovywa kwenye ungaunga na kukaangwa, vinavyoliwa na mchuzi chachu na haradali. Anayekula kuku asiyechinjwa kwa sheria asikikose. Wengine waende kwa samaki: aji, jamii ya kolekole, na saba, jamii ya vibua, wanaovuliwa kwa ndoano karibu na Saganoseki, penye mkondo mkali, wana nyama iliyokaza, na mbichi wakiwa wamekatwa vyembamba hawahitaji kitu ila kabosu.

Hatua ya 10: Myoban, kabla ya kuondoka

Panda basi hadi Myoban, juu mlimani. Kuna vibanda vya nyasi vilivyojipanga, ndani yake udongo na mvuke wa salfa hutengeneza fuwele za chumvi ya kuogea, yunohana, kwa ufundi wa tangu enzi za Edo (karne ya 17 hadi ya 19) uliotambuliwa na taifa mwaka 2006. Paketi ni nyepesi na ni zawadi nzuri ya kupeleka nyumbani. Huko pia huuzwa pudini ya mayai na maziwa iliyoivishwa kwa mvuke, yenye karameli chungu kidogo. Kula ukiwa umesimama, ukiitazama ghuba.

Kabla ya kwenda huko vua pete na mikufu ya fedha uiache chumbani. Salfa huigeuza nyeusi upesi.

Ukitoka Beppu kwa treni ya Sonic, chagua kiti cha upande wa kulia, ndiko bahari iliko. Na kama unaendelea hadi Hakata, kituo kikuu cha jiji la Fukuoka, usishtuke treni ikifika Kokura: hapo hugeuza uelekeo, kilichokuwa nyuma kikawa mbele. Abiria wote husimama, hukanyaga kanyagio lililo chini ya kiti, na kuzungusha viti vyao. Simama nawe, zungusha cha kwako.